Raga haimgeuzi binti kuwa dume

Pale Mwaloni, soko la samaki la Kirumba jijini Mwanza, kinamama hubeba magunia ya dagaa kichwani tangu alfajiri, na hakuna anayesema wameacha kuwa wanawake. Lakini binti akishika mpira wa raga tu, utasikia: “Ataota misuli, atakuwa dume.” Imani hii ni ya siku nyingi, na si kweli. Misuli huja kwa mazoezi na chakula. Haimbadilishi mtu jinsia.

Mtazame Ilona Maher, mchezaji wa raga wa Marekani. Ana kilo zipatazo 90, amesomea uuguzi, na huingia uwanjani midomo imepakwa rangi nyekundu, kisha anamkumba mpinzani hadi chini.

Wengine hudai umaarufu wake ni wa video za simu tu. Video zilimtangaza, hasa wakati wa Olimpiki ya Tokyo. Ila Paris 2024 timu yake iliifunga Australia 14–12 ikatwaa shaba, medali ya kwanza ya Olimpiki ya Marekani katika raga ya wachezaji saba. Mchezo ni dakika 14, lakini watu saba wanakimbia uwanja uleule wa raga ya watu 15! Mwaka 2025 akaenda Uingereza kwa muda, kuichezea klabu ya Bristol Bears.