Kushtakiwa si kung'olewa: yanayochanganywa kuhusu impeach

Vijiwe vya kahawa vya Mwanjelwa, Mbeya, huwa na hukumu ya haraka: kiongozi akishapigwa impeachment, huyo kwisha habari yake. Sivyo. Kitenzi impeach maana yake ni kumfungulia kiongozi mashtaka bungeni. Kuondoka ni hatua nyingine. Kenya, tarehe 8 Oktoba 2024, Bunge la Taifa lilimshtaki Naibu Rais Rigathi Gachagua, lakini kiti kilibaki chake hadi Seneti ilipothibitisha mashtaka tarehe 17. Marekani ndiyo kabisa. Marais Andrew Johnson mwaka 1868, Bill Clinton 1998, Donald Trump 2019 na 2021: wote walishtakiwa, hakuna aliyeng'olewa. Johnson alipona kwa kura moja katika Seneti. Na Richard Nixon, anayetajwa wa kwanza kila mara, hakushtakiwa. Alijiuzulu Agosti 1974, kabla Baraza la Wawakilishi, ndilo linalofungua mashtaka huko, halijapiga kura.

Wengine hudhani utaratibu huu ni uvumbuzi wa Wamarekani. Waliurithi Uingereza, ambako Bunge lilimshtaki William Latimer, ofisa wa mfalme, mwaka 1376. Neno lenyewe lina mzizi wa Kilatini, pedica, yaani pingu ya miguuni, likapitia Kifaransa cha kale kwa maana ya kuzuia.

Dhana nyingine: kwetu Tanzania Rais hashtakiki. Anayedhani hivyo asome ibara ya 46A ya Katiba. Taarifa ya maandishi, yenye sahihi za wabunge wasiopungua asilimia 20 ya wabunge wote, humfikia Spika siku 30 kabla ya kikao. Theluthi mbili wakikubali, huundwa Kamati Maalum ya Uchunguzi chini ya Jaji Mkuu wa Tanzania, akiwamo Jaji Mkuu wa Zanzibar na wajumbe saba. Kamati ikiundwa tu, Rais huhesabiwa hayupo kazini. Taarifa ya Kamati hutakiwa ndani ya siku 90, kisha theluthi mbili nyingine ndiyo huamua. Hapo watu hukosea hesabu: ni theluthi mbili ya wabunge wote, si ya waliohudhuria, kwa hiyo mbunge aliyebaki nyumbani Uyole siku hiyo ni sawa na aliyekataa. Mashtaka yakithibitika, Rais hujiuzulu ndani ya siku tatu, na pensheni anaikosa.

Kura ya kutokuwa na imani ni jambo jingine kabisa. Hiyo ni ya Waziri Mkuu, ibara ya 53A, na haihitaji theluthi mbili.