Binti yako na softiboli: yanayosemwa na yaliyo kweli

Familia nyingi zetu zilizohamia Marekani huijua softiboli, mchezo wa kupiga mpira kwa gongo unaofanana na besiboli, siku binti anaporudi kutoka shule na fomu ya kusainiwa. Mama aliyekulia kwenye rede na netiboli anauliza huku na kule, na mengi anayoambiwa si sahihi.

"Ni besiboli iliyorahisishwa kwa ajili ya wasichana."

Sivyo. Mchezo huu ulianzia Chicago mwaka 1887, ndani ya ukumbi, na walioucheza walikuwa wanaume: glavu ya ndondi iliyofungwa ikawa mpira, mpini wa ufagio ukawa gongo. Wanaume wanaucheza hadi leo, na Botswana imewahi kupeleka timu ya wanaume kwenye mashindano ya dunia. Mpira wa leo ni mgumu, una uzito wa gramu 178 hadi 198, mkubwa na mzito kuliko wa besiboli. Mrushaji wa kike wa kimataifa husimama mita 13.11 tu kutoka kwa mpigaji; kwenye besiboli ni mita 18.44. Mpira ukija kwa kilomita 110 kwa saa, mpigaji ana chini ya nusu sekunde ya kuamua. Mwaka 2004 Jennie Finch, mrushaji wa softiboli wa Marekani, alimrushia Albert Pujols, mmoja wa wapigaji hatari wa besiboli, akamtoa.

"Anarusha kwa chini, kwa hiyo bega haliumii."

Hii ndiyo inayoniuma zaidi, kwa sababu hata baadhi ya makocha wanaiamini. Mtazame mrushaji kwa karibu: mkono unapanda, unapita juu ya kichwa, unashuka na kukamilisha duara zima, huku ncha ya kiatu cha nyuma ikiburuzwa ardhini mpaka inatoboka kabla ya viatu vyenyewe kuchakaa. Watafiti waliowapima warushaji kwenye Olimpiki ya Atlanta mwaka 1996 walikuta kwamba nguvu inayolivuta bega inakaribiana na ile ya warushaji wa kulipwa wa besiboli. Hata hivyo, kwa watoto wa besiboli kuhesabu mirusho na kuiwekea kikomo ni jambo la kawaida, wakati mashindano mengi ya wasichana hayana kikomo hicho. Binti mmoja anaweza kurusha mechi baada ya mechi Jumamosi nzima, na watu wakampigia makofi.

Mfano unaotajwa sana ni wa Yukiko Ueno wa Japani, aliyerusha mara 413 ndani ya siku mbili kwenye Olimpiki ya Beijing mwaka 2008 na kuipa nchi yake dhahabu. Anastahili kila sifa. Lakini alikuwa na miaka 26. Mtoto wa miaka 13 mifupa yake bado inakua.

Hapo ndipo nyumbani panapohitajika kuliko uwanjani. Baba anayekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa uani, akidaka mirusho ya binti yake kila jioni, ndiye wa kwanza kuona leo mkono umechoka, au mtoto anajipapasa bega akidhani haonekani. Hesabu mirusho. Akisema panauma, mazoezi yameisha siku hiyo, hata kama kesho kuna fainali. Madaktari wa watoto wa Marekani wanashauri mapumziko ya siku moja au mbili kila wiki, na jumla ya miezi mitatu kwa mwaka, hata ikigawanywa mwezi mwezi.

"Gharama zote zitarudi kwa ufadhili wa chuo."

Ada ya klabu, gongo, petroli, hoteli: ni pesa nyingi, naelewa hesabu inavyopigwa. Ila kwa miaka mingi chuo cha daraja la kwanza la michezo ya vyuo, yaani la juu kabisa, kiliruhusiwa kutoa ufadhili kamili 12 tu kwa timu nzima, hivyo wengi waligawana vipande. Kanuni zimelegezwa tangu 2025, lakini nafasi bado ni chache, na vyuo vya daraja la tatu havitoi kabisa ufadhili wa michezo. Mrushaji NiJaree Canady alipata mkataba wa zaidi ya dola milioni moja alipohamia chuo cha Texas Tech mwaka 2024. Ni kweli, na ilikuwa habari kubwa kwa sababu ni nadra mno. Mlipie kwa kuwa anaupenda mchezo. Mtoto aliyebebeshwa deni la familia hawezi kucheza kwa raha.

"Mzazi asiyejua sheria hana msaada."

Sheria atakufundisha mwenyewe, tena kwa furaha. Kazi yako ni kumfikisha kwa wakati, kumpa chakula na maji, na kumwachia kocha maelekezo. Mkiwa garini mnarudi, mwache aanze yeye kuzungumzia mechi.

"Haina mbele."

Softiboli ya wanawake iliingia Olimpiki mwaka 1996, ikaondolewa baada ya 2008, ikarudi Tokyo, ikakosekana Paris. Inarudi mwaka 2028. Michezo ni ya Los Angeles, lakini softiboli imepangwa kuchezwa Oklahoma City, kwa hiyo familia zinazoishi Texas au Kansas zinaweza kumpeleka binti kwa gari akawaone wachezaji hao.