Kupima wingi wa gugu maji kwa setilaiti, maana yake nini hasa

Watu wakisikia setilaiti imepima gugu maji Ziwa Victoria wanadhani kuna chombo huko juu kinahesabu mmea mmoja mmoja, hapana, kinapima mwanga tu, mengine yote ni hesabu za watu huku chini.

Iko hivi. Jani bichi linameza mwanga mwekundu kutengenezea chakula chake, halafu linarudisha kwa wingi infraredi, mwanga ambao macho yetu hayauoni, wakati maji yenyewe infraredi yanaimeza karibu yote. Sasa unachukua infraredi unatoa nyekundu, unagawa kwa jumla ya zote mbili, ndo NDVI hiyo, kipimo cha ukijani wa mimea, namba ikiwa kubwa ni majani, ikiwa chini ya sifuri ni maji. Tuseme jani limerudisha infraredi 40 na nyekundu 4, unapata kama 0.8, maji yakirudisha 1 na 3 inakuja -0.5.

Picha ya setilaiti ya Sentinel-2 ina vimiraba vya mita 10 kwa 10, kwa hiyo vimiraba 100 vya gugu ni hekta 1. Setilaiti nyingine, Landsat, ni mita 30, gugu dogo pale Ggaba, ufukweni Kampala, linachanganyika na maji ndani ya kimiraba kimoja na namba inakuja ya katikati. Ila Landsat ina picha za zamani, na picha za setilaiti za wakati huo zilionyesha mwaka 1998 ziwa lote lilikuwa na angalau hekta 17,000 za gugu kabla halijapungua sana.

Na hapa watu wanasahau: "wingi" huo ni eneo lililofunikwa, sio uzito. Gugu changa lililotandaa na lile refu lililoshonana, ukiangalia toka juu yanafanana sana, muulize mvuvi anayepitisha mtumbwi humo akwambie kama ni sawa.

Halafu kuna mawingu yanayoziba picha, hayo rada ya setilaiti ya Sentinel-1 inayapenya, na kuna mwani unaofanya maji ya Murchison Bay, ghuba ya ziwa karibu na Kampala, yawe kijani ukaudhania gugu, na upepo nao unalihamisha gugu kutoka ghuba moja hadi nyingine, picha ya siku moja usiiamini, chukua nyingi.

Nyasi bahari za kule pwani ni kazi nyingine kabisa, ziko chini ya maji na infraredi haifiki, inabidi utumie mwanga wa bluu na kijani na ujue kwanza kina cha maji pale zilipo.