Usawa wa afya hautokani na "sawasawa"

Kwa mara ya tatu mwaka huu nimekaa kwenye ukumbi wa kanisa hapa Marekani nikifanya ukalimani wa kikao cha afya, na kwa mara ya tatu swali limekuwa lile lile. Safari hii aliliuliza mzee mmoja aliyetokea Kalemie, Kongo, kofia mkononi: "Mwanangu, hebu waulize. Wanasema hizi pesa ni za usawa wa afya. Usawa gani huo, kama wanapewa vikundi vya Weusi na wahamiaji peke yao? Si upendeleo huo?"

Nikalifikisha swali kama lilivyo. Afisa akajibu vizuri tu kwa Kiingereza, nami nikaliua jibu lake njiani. Alitumia maneno mawili, equality (kila mtu kupata kilekile) na equity (kila mtu kupata kulingana na upungufu wake), akasisitiza kwamba hili si lile. Mimi kote nikasema "usawa". Kwa hiyo mzee alisikia afisa wa serikali akimweleza kwa dakika tatu kwamba usawa si usawa. Akanitazama, akaketi.

Basi maana yenyewe, haraka haraka. Usawa wa afya unaozungumzwa kwenye vikao hivi ni hali ambayo hakuna kundi la watu linalougua au kufa mapema kwa sababu ambazo zingeweza kuondolewa. Mwaka 1990 Margaret Whitehead, akiliandikia Shirika la Afya Duniani, aliweka vipimo ambavyo bado vinatumika: tofauti inayolalamikiwa ni ile isiyo ya lazima, inayoepukika, na isiyo ya haki. Mzee wa miaka 80 kuugua kuliko kijana si dhuluma. Lakini Marekani, mwaka 2023, wanawake Weusi walikufa kwa sababu za uzazi kwa kiwango cha 50.3 kwa kila vizazi hai 100,000, na wanawake wa Kizungu 14.5. Hapo umri hauelezi kitu.

Na fedha za umma? Hizo ni ruzuku ambazo serikali inavipa vikundi vya kijamii, kwa kuwa vikundi ndivyo vinavyojua mlango wa nani wa kubisha. Minnesota ina sheria ya namna hiyo tangu mwaka 2001: fedha huenda kwa vikundi vya kijamii na mataifa ya wenyeji asilia, kwa mambo kama vifo vya watoto wachanga, chanjo, kisukari na magonjwa ya moyo. Ruzuku, tafadhali, si "pesa za bure". Najua neno lenyewe ni ndugu wa riziki, na riziki hutoka kwa Mungu bila fomu. Ruzuku ya serikali inatoka na fomu, ukaguzi na risiti, na mara nyingi kikundi kinatoa fedha zake kwanza ndipo kirudishiwe. Nimemwona mweka hazina wa kikundi kimoja akipanga risiti za maji ya kunywa kwenye meza ya jikoni kwake, moja moja, saa nne usiku.

Sasa turudi kwenye usawa, maana hapo ndipo panaponikera.

Neno limetoka kwenye sawa, na sawa tumelipokea kutoka Kiarabu. Tumelifanyisha kazi nyingi mno. Sawa ni kukubali. Sawasawa ni kutopishana hata kidogo. Usawa wa bahari ni kimo cha maji. Dar es Salaam, "usawa huu" ni hali ya maisha, na mara nyingi si nzuri. Katika siasa, usawa ukawa kila mtu kupata kilekile: kura moja, haki moja, foleni moja. Maana hii ya mwisho imeshika kiasi kwamba mtu akisikia usawa anaona mkate unakatwa vipande vinavyolingana.

Waarabu hawana shida hii. Wao wana musawat kwa kulingana, na wakizungumzia afya ya makundi yaliyoachwa nyuma wanasema insaf. Insaf inatoka kwenye mzizi uliozaa nisf, yaani nusu: kumpa mwenzako upande wake. Sisi tuliichukua nusu tukaitumia kila siku, hata kwenye nusu kilo ya sukari, na insafu tukaiacha kwenye kamusi. Siwalaumu wahenga. Lakini simtarajii mhamiaji wa Kalemie aelewe nikimwambia "insafu ya afya", na sitaki kumfundisha neno jipya kwenye kikao cha chanjo.

Wala halihitajiki. Lugha yetu inayo maana hiyo, ila imejificha kwenye kitenzi. Sema kusawazisha. Fundi akisawazisha sakafu hamwagi zege kwa kina kimoja kila mahali. Akifanya hivyo shimo linabaki shimo, limepanda juu tu. Anaweka pimamaji, anaona pamezama wapi, anajaza pale. Hakuna anayemlalamikia kwamba kona moja imekula mifuko mitatu ya saruji na nyingine haikupata hata koleo. Na mpirani je? Timu imefungwa moja bila, dakika ya 80 inapata bao la kusawazisha. Umewahi kusikia shabiki akidai kwamba, kwa ajili ya usawa, bao hilo lihesabiwe pande zote mbili?

Ndicho nilichomwambia mzee baadaye, kwenye meza ya chai, baada ya kumwomba radhi kwa tafsiri yangu. Alicheka kwenye mpira, alinyamaza kwenye sakafu, aliwahi kujenga. Akasema basi waseme hivyo. Kweli, tuseme hivyo: fedha za kusawazisha afya. Ni kirefu kidogo kwa mkalimani anayekimbizana na msemaji, lakini kinabeba mzigo wake.

Na ukikubali kwamba ni kusawazisha, mzee wangu, swali lako la "mbona hawakupata wote" linaisha nguvu, na linabaki jingine ambalo afisa atatoka nalo jasho. Sheria ile ya Minnesota iliweka lengo la kupunguza kwa asilimia 50, kufikia mwaka 2010, pengo la vifo vya watoto wachanga na la chanjo. Kikao kijacho muulize pimamaji inasoma nini. Nitakutafsiria.