Noti za dhahabu za Marekani: ni nini hasa na mbona hazipatikani

Ukisikia noti ya dhahabu usifikirie zile zinazong'aa za kuuziana kama zawadi, hapana. Zinazosakwa na wakusanyaji ni karatasi tu, ila imeandikwa kwamba mwenye nayo akiileta analipwa sarafu za dhahabu. Ni kama stakabadhi ghalani ya mkulima wa korosho, mzigo umelala ghalani we unatembea na karatasi.

Sheria yake ilipita 1863, Marekani ikiwa bado vitani yenyewe kwa yenyewe, lakini za mwanzoni zilikuwa hasa za mabenki kulipana. Za kushikwa na raia zimeanza na toleo la 1882, kuanzia dola 20 yenye sura ya rais Garfield mpaka dola 10,000 ya Andrew Jackson, na mgongo wake ni rangi ya chungwa kabisa. Dhahabu ilikuwa dola 20.67 kwa wakia, kwa hiyo aliyekuwa na hiyo ya 20 mfukoni alikuwa na karibu wakia nzima, fikiria hiyo kwa bei ya leo.

Mimi lakini zinazonivutia zaidi ni za California. Kule walizoea dhahabu yenyewe, pesa ya karatasi walikuwa hawaiamini, basi 1870 Bunge likaruhusu benki maalum za dhahabu, na benki tisa za California zikatoa noti zao kwenye karatasi ya manjano, nyuma imechorwa rundo la sarafu. Zilizunguka mpaka zikachoka, ndo maana nyingi zilizobaki ni chafu, zimekunjika, zingine zina matundu, na bado watu wanazigombania mnadani.

Sasa uadimu umetoka wapi? Ahadi ilikuwa ya kweli, ndo shida yenyewe. Mtu akipeleka noti anachukua dhahabu yake na noti inaishia kuharibiwa. Alafu 1933 rais Roosevelt akaamuru watu wasalimishe dhahabu pamoja na hizi noti, ikawa ni kosa kukaa nazo mpaka 1964, hata mkusanyaji hakusalimika.

Leo serikali itakuhesabia 20 kama 20 ya kawaida, dhahabu hakuna, hela iko kwa wakusanyaji. Wao wanaangalia hali ya karatasi, na saini pia, maana baadhi ya zile za 1882 zilisainiwa kwa mkono na Thomas C. Acton wa hazina ya New York na hizo ni ghali sana. Noti iliyooshwa au kupigwa pasi ipendeze inashuka bei papo hapo. Na ukiona mtu anauza dola 10,000 ya 1900 kwa bei ya kutupa, ujue kuna nyingi zilizokuwa zimeshafutwa thamani, Desemba 1935 jengo la posta Washington likashika moto zikatupwa dirishani watu wakaziokota, hizo hazilipiki popote.