Je, wajua kwa nini Mjerumani mzee huamka amechuchumaa?

Ukipita mtaa wa Buruburu hapa Nairobi saa kumi na mbili asubuhi, kabla watu hawajaamka vizuri, utaziona tu. Mercedes ya zamani, nyeusi, ndefu, viti vya ngozi, namba inaanza na KB, na mbele upande mmoja imelala chini kabisa, tairi imemezwa na fenda, utadhani mtu amekaa kwa kigoda mguu mmoja ukafa ganzi. Mwenyewe anatoka na kikombe cha chai, anawasha injini, anasimama kando anangoja, na polepole ile pua inainuka, inainuka, hadi gari inakaa sawa. Anaingia, anaenda zake. Jioni anarudi gari ikiwa imesimama vizuri tu, huwezi jua ina shida. Kesho asubuhi, tena chini.

Jirani yangu alikuwa na moja ya hizo na watoto wa ploti walikuwa wanaamini kabisa kwamba gari inalala kama ng'ombe. Swali lao halikuwa la kijinga. Mbona inalala usiku na mchana haina neno?

Ni hivi, gari kama hiyo haina springi za chuma. Inabebwa na upepo. Range Rover walikuwa na mfumo wa aina hii tangu mapema miaka ya 1990, na Mercedes walipotoa ile S-Class ya 1998, watu wa magari huiita W220, wakaja na wa kwao wakauita Airmatic. Pale kwenye kila gurudumu ambapo gari ya kawaida ina springi, hii ina mfuko wa mpira uliojazwa hewa, halafu kuna kompresa ndogo ya umeme ya kujaza hiyo mifuko, valvu za kugawa hewa, na sensa za kuangalia gari iko juu kiasi gani kutoka chini. Ukibeba watu watano na magunia ya viazi nyuma, sensa zinaona nyuma imeshuka, kompresa inaongeza upepo, gari inanyooka. Ndio maana zinateleza barabarani kama mashua.

Sasa ule mfuko wenyewe. Chukua soksi, ikunje mdomo kurudi chini kidogo, hapo utapata picha. Tairi ikipanda tuta ule mkunjo unashuka, tairi ikishuka shimoni mkunjo unapanda, na kazi ni hiyo maisha yake yote, kujikunja na kujikunjua mahali palepale. Mpira ukiwa mpya hausikii. Lakini mpira unazeeka, hewa yenyewe inaula polepole, joto la injini linaukausha, vumbi na mchanga vinaingia kwa mkunjo vinausugua kama msasa, na ikifika mwaka wa kumi au kumi na tano unaanza kupasuka nyufa ndogo ndogo, kama kisigino cha mtu asiyejipaka mafuta.

Hapo ndio jibu la watoto. Upepo hautoki usiku peke yake, unatoka saa zote, mchana kutwa ukiwa Jogoo Road kwa foleni unatoka tu, lakini kompresa iko kazini inajaza kimya kimya na wewe hujui. Usiku gari imezimwa na hakuna wa kuificha aibu. Ongeza baridi ya Julai hapa Nairobi, hewa iliyokuwa na digrii 30 ikishuka hadi 12 inasinyaa kama asilimia 6 hivi, kwa hiyo hata gari nzima kabisa inashuka kidogo, na ule mpira mzee ukipoa unakakamaa na nyufa zinapata nafasi ya kupumua. Asubuhi, chini.

Watu wengi hupoteza pesa hapa, na jirani alizipoteza haswa. Kompresa yake ilikufa, fundi akamwambia, "Mkubwa, pampu imeisha hii, tuweke ingine." Ikawekwa. Miezi michache ikafa tena. "Fundi, si uliniwekea juzi tu?" Fundi akasema labda ile ilikuwa feki. Ya pili ikawekwa, nayo ikaenda. Lakini kompresa hizi hazikuumbwa zifanye kazi siku nzima, ni za kupuliza kwa muda mfupi halafu zipumzike, na mfuko ukivuja hazipumziki, zinachemka, ringi ya pistoni inalika, zile punje za kukausha unyevu zinalowa hadi maji yanaingia kwenye valvu, na wakati mwingine relei, ile swichi ya umeme ya kuiwasha, inashikana na kompresa haizimi tena hadi iungue. Kompresa ilikufa kwa uchovu, mgonjwa alikuwa mfuko. Na hii nimeiona sana kwa magari ya kifahari yaliyozeeka, kitu kilichokufa mara nyingi sicho kilichoanza kuugua.

Fundi aliyefuata alikuwa kijana mmoja wa jua kali, alikuja na kichupa cha kupulizia kina maji ya sabuni ya vyombo, basi, vingine vya maana hakuwa navyo. Akainua gari na jeki, akaweka stendi za chuma chini (usiwahi kuingiza mkono chini ya gari ya upepo bila stendi, ikiamua kushuka haikupigii hodi), akatoa tairi, akapuliza maji kwenye mkunjo. Tukachuchumaa sote tunaangalia. Mwanzo hakuna kitu. Halafu karibu na mahali mpira unabanwa na pete ya chuma, vipovu vidogo vidogo vyeupe vikaanza kujitokeza kimoja kimoja, kama uji unaotaka kuchemka. Jirani alitazama vile vipovu bila kusema neno, nafikiri alikuwa anahesabu bei ya kompresa mbili.

Sasa ukienda kutafuta mfuko, kuna mtego mwingine. Utaambiwa uende Kirinyaga Road, ile wazee bado wanaiita Grogan, kuna ya mitumba imetoka Japani, safi, gari yake ilikuwa na kilomita 60,000 pekee. Sawa, lakini mpira hausomi kilomita. Mpira unahesabu miaka. Mfuko wa 2004 ni wa 2004 hata kama gari ilikuwa ya mama mmoja wa Osaka aliyeendesha Jumapili tu, na ukiuleta hapa kwa matuta yetu utakufa vilevile. Hiyo ndio maana pia dashibodi ya jirani ikisoma 268,000 hainishtui sana, injini za wakati huo ukizibadilishia oili zinafika huko na kupita. Kinachonishtua ni tarehe ya kuzaliwa. Kenya kwa kawaida hairuhusu gari ya mtumba iliyozidi miaka 8 kuingia, kwa hiyo gari ya 2004 unayoiona leo ilishuka hapa kabla ya 2012. Imekula jua, vumbi na mashimo yetu zaidi ya miaka kumi, kila hozi na kila bushi iliyo ndani.

Kuna wanaoamua kutoa upepo wote na kuweka springi za chuma za kawaida. Mafundi wengine hulia wakisikia hivyo. Mimi sioni dhambi, mradi springi ziwe zimetengenezwa kwa uzito wa gari hiyo, usiunganishe za pikapu. Utapoteza ule mtelezo, na taa ya onyo itakutolea macho kwa dashibodi hadi mtu wa kompyuta aizime, lakini hutaamka ukiwa umechuchumaa.

Hadithi ya mpira haiishii kwa magurudumu. Ingia chini ya boneti. Nairobi tuko kama mita 1,800 juu ya bahari, na huku juu maji kwenye sufuria wazi yanachemka digrii 94 hivi, sio 100 kama Mombasa. Sasa injini za V8 (silinda nane) za BMW za miaka ya 2000 ziliundwa zifanye kazi kwa joto la zaidi ya digrii 100. Zinawezaje? Kulanti, ile dawa inayochanganywa na maji ya kupoza injini, inazuia kuchemka kidogo, lakini kazi kubwa inafanywa na shinikizo, mfumo wote umefungwa kama sufuria ya presha. Basi tanki ya plastiki ya kulanti ikipata ufa mwembamba kama unywele au hozi ilegee, shinikizo linatoka, na kile kilichokuwa kimetulia kinachemka palepale, wewe uko Waiyaki Way katikati ya foleni unaona moshi mweupe. Aliye Mombasa na ufa huohuo ana nafasi ya digrii kadhaa kukuzidi, ingawa ana joto lake la kupigana nalo.

Halafu anakuja mtu anakwambia toa thamostati (ile valvu inayozuia maji hadi injini ipate joto), weka maji ya mfereji, utaona imepoa. Itapoa kweli. Injini itakuwa haifiki joto lake, kompyuta itadhani ni asubuhi saa zote iendelee kuongeza petroli, na yale maji yasiyo na dawa ya kutu yataanza kuila rejeta na pampu kutoka ndani. Fundi akisema hivyo mshukuru, mlipe nauli, tafuta mwingine.

Na bei. Watu huuliza mbona S-Class ya zamani inauzwa bei ya Vitz, kile kigari kidogo cha Toyota. Kwa sababu gari inashuka bei ila vipuri vyake havijui hilo, mfuko wa upepo uliundwa kwa gari ya tajiri na bei yake bado ni ya tajiri. Hata plagi, ile injini ya V6 (silinda sita) ya Mercedes ya miaka hiyo, M112, ina plagi mbili kwa kila silinda, zote 12. V8 ndugu yake ina 16. Mwenye Vitz ananunua tatu au nne anaenda nyumbani.

Jirani aliweka mfuko mpya, mpya kabisa, na kompresa ya tatu, na hii inaishi hadi leo. Siku hizi amebandika vipande vya selotepu kwenye fenda zote nne, jioni anapima kwa vidole kutoka tairi hadi kwa selotepu, asubuhi anapima tena kabla ya kuwasha. Wiki jana nilimkuta amesimama nyuma kulia anapima mara ya pili, vidole vinne jioni, vitatu asubuhi. Akaniangalia. "Bado miezi kama mitatu hii," akasema, akaingia kwa nyumba kuchukua chai.