Nani kawaambia nanaa ni baridi?

Mwezi huu ni mtu wa nne. Mama mmoja kaingia ofisini kwangu wiki iliyopita kakumbatia chupa ya chai, kufungua tu kifuniko harufu ya nanaa ikajaa chumba kizima, ananiambia daktari kiungulia kimenikaba wiki tatu sasa na kila usiku kabla sijalala nakunywa nanaa na limau, si ni baridi jamani, mbona hakipoi?

Mama yangu, utakuwa unakichochea.

Ngoja nieleze maana nimechoka kurudia. Ule ubaridi uko kwenye mishipa ya fahamu, haupo kwenye joto la mwili. Mentholi, ile dawa iliyomo kwenye nanaa, ikigusa ulimi inabonyeza kengele ileile inayolia ukitafuna barafu, kengele yenyewe inaitwa TRPM8, iligunduliwa 2002, na wanasayansi David Julius na Ardem Patapoutian walioitafuta kwa kutumia hiyohiyo mentholi, kila mtu na maabara yake, wakapewa Nobel 2021 kwa kazi za namna hii. Kengele inalia, mwizi hayupo. Tafuna majani halafu jipime homa kwapani, namba ni ileile. Mafua pia hivyohivyo, pua imeziba vilevile ila unahisi hewa inapita. (Na mtoto mchanga msimpake mentholi puani, inaweza kumbana pumzi. Hilo sina mjadala.)

Sasa kinachoniudhi kabisa ni hii ya "Ayurveda inasema nanaa inapoza". Yaani hiyo tiba ya jadi ya India. Ayurveda ipi? Mimi nimeisomea hukohuko India, Jamnagar, Gujarat, miaka mitano na nusu pamoja na mwaka wa mazoezi, na tulichokaririshwa kuhusu pudina, ndo nanaa kwao, ni kwamba ladha yake kali, ni nyepesi, inakausha, na virya yake, yaani nguvu yake mwilini, ni ushna. Ushna ni moto! Katika zile hali tatu za mwili wanazozihesabu, inashusha kapha na vata, inaamsha agni (moto wa kusaga chakula), inatoa gesi, inarudisha hamu ya kula, inatuliza kichefuchefu. Ya tatu, pitta, ambayo ndo kwao kiungulia, haimo kwenye inavyoshusha. Ila vitabu vilivyoandikwa kwa ajili ya Wamarekani vinaiweka kwenye vya kupoza pitta, na ndo hivyo vinavyokatwakatwa mnaletewa kwenye status za WhatsApp.

Hapa nikiri kitu. Walimu wangu walewale waliotufundisha ushna, joto la mwezi wa tano likipanda walikuwa wanakunywa maji ya pudina na bizari nyembamba, glasi juu ya glasi, bila aibu. Niliuliza nikajibiwa "ni ya msimu", nikanyamaza, ila jibu halijaniingia mpaka leo. Na zile "miaka elfu tano" zenu za kusema nanaa ni dawa ya kale ya Ayurveda pia tupunguze, jina pudina lenyewe ni la Kiajemi, sio Kisanskriti, na kwenye Charaka, kitabu cha kale cha Ayurveda, wanaotamba ni kina tangawizi na pippali (pilipili ndefu). Mambo mengi ya nanaa ni ya jikoni kwa bibi, chatne ya bhajia na kadhalika, wala sidharau, gesi inatoka kweli.

Upande wa hospitali ni hivi: chini ya umio kuna msuli unaobana ili asidi isipande, mentholi inaulegeza. Kulegeza huko huko ndo kunasaidia utumbo unaosokota, ndo maana mwaka 2021 chama cha madaktari wa tumbo Marekani, ACG, kilipendekeza mafuta ya peppermint, nanaa yenye mentholi nyingi, kwa wenye IBS, huo ugonjwa wa utumbo kusokota, na kapsuli nyingi za hayo mafuta zina ganda lisiloyeyuka kwa asidi ili zipite tumboni zikafungukie huko chini.

Halafu mnachanganya mimea. Nanaa ya mafungu pale sokoni Kisutu, Dar, mara nyingi ni spearmint, aina nyingine ya nanaa, harufu yake ni ya kitu kingine kinaitwa karvoni, mentholi ni kidogo mno. Peppermint ni chotara wa spearmint na nanaa ya majini, hata mbegu haizai, unapanda kipande, na ndo iliyotuachia neno peremende. Kwa hiyo utafiti wa kapsuli usiubandike kwenye fungu lako la sokoni. Ukitaka ya gesi chukua majani ya kujaa kiganja, maji ya moto, FUNIKA maana harufu inayoruka ndo dawa yenyewe, dakika kumi, unywe mchana baada ya kula.

Mjanja ataniuliza, kama ya Kisutu haina mentholi ya maana, yule mama kachochewa na nini? Swali zuri, linaninyima raha. Nilipombana zaidi ikatoka kwamba nanaa ilikuwa inateremshia biriani ya saa nne usiku, na lile limau sio la kukamuliwa tone, ni zima. Nimemwachisha vyote vitatu kwa mpigo, juzi kapiga simu amelala usingizi wa maana, na mimi nimebaki sijui mwizi alikuwa nani kati ya hao watatu, maana ningekuwa na akili ningemwachisha kimoja kimoja.